Dakika Zilizouzwa Kabla ya Mafuriko: Kisa cha Kituo Kimoja cha Runinga Kisumu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikiwa wahariri, watayarishaji wa vipindi na wanafunzi wa uanahabari. Kilitokea katika kituo cha runinga cha kibinafsi chenye makao yake mjini Kisumu, kati ya 2022 na 2025. Majina ya kituo, mmiliki, wafanyakazi, vijiji, tamthilia na msambazaji wake yameondolewa, pamoja na viwango vya fedha. Hapa tutakiita Kituo, basi. Walioniruhusu kusoma mikataba na kumbukumbu za vikao waliomba kisa kisiandikwe kama mashtaka. Nimejaribu kutii, ingawa kuna mahali kalamu imepotoka kidogo.

Soko lililojaa ghafla

Kwa miaka mingi, mwenye runinga nchini Kenya alikuwa na stesheni moja tu ya kutazama. Matangazo ya runinga yalianza 1962. Mwaka wa 1964 shirika lililoyarusha, KBC (Shirika la Utangazaji la Kenya), likageuzwa kuwa Sauti ya Kenya, mali ya serikali, na jina la KBC likarudi 1989. Mshindani wa kwanza wa kibinafsi, KTN, alikuja 1990. Waliofuata walilazimika kujenga mitambo yao mlima kwa mlima, na kwa kuwa mitambo ni ghali, waliofika magharibi mwa nchi ni wale wenye mtaji mkubwa.

Kuhama kutoka analojia hadi dijitali mapema 2015 kulibadilisha hesabu hiyo. Wengi wanaukumbuka ugomvi: Citizen, QTV, NTV na KTN zilitoweka kwenye skrini kwa karibu wiki tatu huku wamiliki wakivutana na Mamlaka ya Mawasiliano. Kilichofuata baada ya vumbi kutulia hakizungumzwi sana. Masafa yaliyokuwa yakibeba stesheni moja sasa yanabeba zaidi ya kumi, na mwenye kituo hahitaji tena mnara wake mwenyewe. Humlipa msambazaji wa mawimbi ada ili abebwe. Kuingia sokoni kukawa rahisi. Kubaki ndiko kukawa kugumu, maana ada hiyo haiulizi kama mwezi huo ulileta matangazo ya biashara au haukuleta.

Kituo ni zao la enzi hiyo. Kilirusha matangazo kwa Dholuo na Kiswahili, na wikendi saa chache kwa lugha za Waluhya. Watazamaji wake walikuwa wa mitaa ya mjini ya Kondele na Nyalenda, lakini pia wa mashambani, Ahero, Nyando na Nyakach, ambako nyumba nyingi zisizo na stima zimepata runinga ndogo za sola za kulipiwa kidogo kidogo kwa simu. Mapato yalitoka kwa maduka ya vifaa vya ujenzi, vyuo vya kibinafsi, wahubiri wanaonunua saa nzima za alfajiri, kampuni za kamari, na matangazo ya kaunti ambayo malipo yake huja kama mgeni asiyejua saa.

Kipindi cha saa kumi na mbili na nusu

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, Kituo kilikuwa na kipindi cha nusu saa kabla ya taarifa ya habari ya saa moja. Hakikuwa na madoido. Kilisoma bei za mpunga, samaki na mahindi, notisi za kukatika kwa stima na maji, tarehe za mwisho za kuomba basari, siku za chanjo za watoto na za mifugo. Mtangazaji alisema kwa Dholuo, kisha akatoa muhtasari kwa Kiswahili, na pembeni mwa skrini alisimama mkalimani wa lugha ya ishara.

Sehemu iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa ya mto. Asiyeujua uwanda wa Kano, ambako mto Nyando hupita, anaweza kudhani mtu hujua mafuriko yanakuja kwa kutazama mawingu. Sivyo. Maji ya Nyando yanatoka nyanda za juu za Nandi na Kericho. Mvua ikinyesha huko alasiri, uwandani anga inaweza kuwa safi na watu wakaanika mpunga bila wasiwasi, kumbe mto tayari umejaa na uko njiani. Mtayarishaji wa kipindi, aliyewahi kuwa afisa wa kilimo wa nyanjani, alilijua hilo vizuri. Alikuwa na daftari lenye nambari za simu za watu walio juu ya mto: mwalimu, mwenye duka, mlinzi wa daraja, karani wa majani chai. Walimpigia mvua ilipozidi. Yeye alilinganisha maneno yao na taarifa za Idara ya Hali ya Hewa, kisha jioni akataja kata kwa kata, wapi watu wahamishe ng'ombe na wapi bado.

Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo. Leseni za utangazaji nchini zinatofautisha utangazaji wa umma, wa kibinafsi na wa jamii, na Kituo kilikuwa cha kibinafsi. Ilikuwa huduma iliyozaliwa na mtu aliyejua kazi yake, pamoja na mhariri mkuu aliyempa nafasi.

Mshindani anafika

Mwaka wa 2022 kituo kingine kilianza kurusha matangazo kwa lugha zilezile, eneo lilelile. Hakikuleta habari nyingi. Kilileta tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti upya, na kuiweka saa kumi na mbili na nusu hasa, saa ambayo chakula kiko jikoni na familia imeanza kukusanyika. Ndani ya miezi michache, ripoti za utafiti wa watazamaji zilionyesha Kituo kikiporomoka saa hiyo. Nimeziona ripoti hizo na sina shaka nazo: watu walihama.

Meneja wa mauzo wa Kituo alikuwa kijana mwerevu, na lazima isemwe kwamba ndiye aliyekuwa akitafuta mishahara ya kila mtu. Alikuja na suluhisho. Msambazaji mmoja wa tamthilia alikuwa tayari kutoa mfululizo mrefu bila malipo ya fedha. Badala yake alitaka sehemu ya dakika za matangazo ndani ya kila kipindi, ambazo tayari alikuwa amemuuzia mdhamini, kampuni ya kamari. Biashara ya aina hii ni ya kawaida sana duniani: kituo maskini kinapata tamthilia ya kisasa, msambazaji anapata mahali pa kuuzia matangazo, mdhamini anapata macho.

Kikao cha kuamua kilikuwa kirefu. Kumbukumbu zake ni fupi, lakini waliokuwepo wanakubaliana juu ya maneno makuu.

"Madam," meneja wa mauzo alimwambia mhariri mkuu, "kipindi chako ni kizuri, kila mtu anakisifu. Lakini hakuna anayelipa ili kionekane."

"Ndugu yangu, kinaonekana na watu wasio na cha kulipa. Ndiyo maana kipo."

"Hao wana KBC. KBC inalishwa na kodi."

Mmiliki, ambaye wote humwita Mzee, alisikiliza pande zote mbili, kisha akauliza swali moja: ada ya msambazaji wa mawimbi ya mwezi ule italipwa na nani? Hapakuwa na jibu. Tamthilia ikapita.

Maamuzi matatu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukihamisha kipindi hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wakulima huamka mapema. Ni kweli huamka mapema, lakini huamka kwenda shambani. Tena mvua ya nyanda za juu hunyesha alasiri na maji hufika usiku, kwa hiyo onyo la alfajiri linamkuta mtu akiwa tayari amelowa. Nikisoma sababu hiyo naona sababu iliyotafutwa baada ya uamuzi kufanywa.

Wa pili ulikuwa kumwondoa mkalimani wa lugha ya ishara, kwa kuwa alilipwa kwa kila kipindi na saa ya alfajiri haikuwa na mdhamini.

Wa tatu haukuandikwa popote kama uamuzi. Mkataba wa tamthilia ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba Kituo hakitakatiza, kufupisha wala kufunika sehemu yoyote ya kipindi, na kikifanya hivyo kitamfidia mdhamini kwa fedha. Meneja wa mauzo alikiona na kukiona cha kawaida. Mhariri mkuu hakuonyeshwa mkataba. Katika Kituo, mikataba ya vipindi ilikuwa kazi ya mauzo, na habari zilikuwa kazi ya habari. Mzee aliweka sahihi.

Mhariri mkuu alipeleka barua fupi ya kupinga kuhamishwa kwa kipindi, akaomba iwekwe kwenye faili. Mtayarishaji alivumilia alfajiri kwa muda, kipindi kikapunguzwa tena hadi Jumamosi pekee, naye akaenda kufanya kazi katika redio. Daftari likaenda naye. Hakuliiba, lilikuwa lake. Hakuna aliyekuwa amewahi kufikiri kwamba nambari zile ni mali ya Kituo kama kamera zilivyo.

Jioni ya mafuriko

Masika ya 2024 yalikuwa mabaya kote nchini. Mathare, Nairobi, nyumba za kando ya mto zilisombwa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliyokuwa yamezuiwa chini ya reli yalipasuka na kushukia Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, na kuua makumi ya watu. Wizara ya Elimu iliahirisha kufunguliwa kwa shule. Kamera zote za vituo vikubwa zilikuwa Mai Mahiu na Nairobi, na kwa msiba mkubwa kama ule si ajabu.

Jioni tunayoizungumzia ilikuwa siku chache baadaye. Kuanzia saa kumi na moja, simu zilianza kuingia katika chumba cha habari cha Kituo: mvua kubwa juu, mto umebadilika rangi, daraja moja halipitiki. Waliopiga walikuwa watazamaji wa zamani wa kipindi, wakitafuta mtangazaji waliyemzoea. Mhariri wa zamu alipokea, akaandika, akaanza kuthibitisha. Hapo ndipo kukosekana kwa daftari kulipouma. Hakuwa na nambari hata moja ya mtu aliye juu ya mto, na nusu saa nzima ikaishia kutafuta wa kumuuliza.

Saa kumi na mbili na nusu tamthilia ikaanza. Dakika chache baadaye mhariri wa zamu alipata uthibitisho wa watu wawili, mmoja wao naibu wa chifu. Aliingia chumba cha mitambo na kuomba dakika mbili. Fundi wa zamu alikataa. Hakuwa mtu mbaya: wakati mmoja hapo awali stima ilikatika, tamthilia ikachelewa kurudi hewani, mdhamini akadai fidia, na fundi aliyekuwepo akakatwa mshahara. Alimwambia mhariri apige simu kwa meneja wa mauzo. Meneja wa mauzo alikuwa barabarani na hakupokea mara moja. Alipopokea alisema maandishi yapitishwe chini ya skrini, kwa herufi ndogo, ili mdhamini asilalamike kwamba picha imefunikwa.

Maandishi yalipita. Yalinakiliwa kutoka taarifa rasmi iliyotumwa kwa vyombo vya habari, kwa Kiingereza, yakiwataka wakazi wa maeneo ya chini wawe waangalifu. Hayakutaja kata, daraja wala saa. Mtu wa Kano anayetazama tamthilia kwa lugha yake, kwenye skrini ya sola isiyozidi upana wa sinia, angeyasoma vipi?

Taarifa ya saa moja ilianza na Mai Mahiu, kwa picha zilezile za vituo vya kitaifa. Habari ya mto ilikuja katikati ya taarifa. Kufikia wakati huo redio mbili za Dholuo zilikuwa zimekwisha kutangaza, moja ikiwa ni ile aliyohamia mtayarishaji, na wazee wa vijiji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakipiga mayowe.

Matokeo

Katika vijiji vilivyohusika hakuna aliyekufa usiku ule. Watu walipoteza mbuzi, kuku, mahindi ya ghalani na mpunga uliokuwa umevunwa. Siwezi kusema kwamba kipindi cha zamani kingeokoa hata gunia moja. Redio ilifika na wazee walifika. Ninachoweza kusema ni kwamba Kituo, kilichokuwa na habari hiyo kabla ya saa moja, hakikuitoa kwa namna ya kumsaidia mtu.

Baada ya maji kupungua, chifu aliitisha baraza na Kituo kikapeleka kamera, kikitarajia habari ya misaada. Mama mmoja mkulima wa mpunga alisimama na kuigeukia kamera. "Nyinyi watoto wetu," alisema, "mlikuwa mnatuonyesha harusi ya watu wa ng'ambo na maji yako mlangoni." Sehemu hiyo haikurushwa hewani. Ilisambaa kwa simu, maana wengine pia walikuwa wakirekodi.

Kibiashara, tamthilia ilikuwa imerudisha watazamaji, na hilo lisifichwe. Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri na ada za mawimbi zililipwa. Lakini mfululizo ulipoisha, msambazaji alimpelekea mshindani tamthilia mpya zaidi, na ule upungufu wa 2022 ukarudi. Mwenye duka la pembejeo aliyekuwa akitangaza katika kipindi cha zamani alikuwa amekwisha kuhamia redio. Kisha, Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kamari iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, mdhamini aliyebaki akanyamaza, na Kituo kikagundua ni saa ngapi za ratiba yake zilikuwa zimeegemea mkoba mmoja.

Mambo matatu yamebadilika tangu hapo. Kipindi kimerudi, dakika kumi tu, kabla ya taarifa ya saa moja. Mkalimani amerudi pia, baada ya chama cha viziwi kuandika barua kikikumbusha kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilivitaka vituo vya runinga viweke mkalimani au maandishi katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Na mkataba mpya wa tamthilia una kifungu kinachoruhusu kukatiza kipindi kwa dharura.

Uchambuzi

*Ushindani ulileta vituo zaidi, si vipindi zaidi.* Jambo hili linawashangaza wengi, lakini wanauchumi walilieleza zamani. Mwaka wa 1952 Mmarekani Peter Steiner, akichunguza redio, alionyesha kwamba vituo vichache vinavyoshindania watazamaji kwa ajili ya matangazo ya biashara vitafuata kundi kubwa hata kama tayari kuna aliyelifikia. Tuseme watu saba kati ya kumi wanapenda tamthilia, na watatu wanataka habari za mto. Kituo cha pili kikiingia kitapata zaidi kwa kugawana wale saba kuliko kwa kuwahudumia wale watatu. Kwa hesabu hii, mpaka kituo cha tatu kiingie, watatu hawapati kitu; na kundi dogo likiwa dogo zaidi, vituo vinavyohitajika ni vingi zaidi. Ndicho kilichotokea Kisumu: kabla ya 2022 saa kumi na mbili na nusu ilikuwa na tamthilia za vituo vya kitaifa na kipindi kimoja cha mto. Baada ya mshindani kuingia, ikawa tamthilia juu ya tamthilia.

Nadharia hiyo ina upande wa pili usiopendeza. Inasema kwamba mmiliki mmoja wa stesheni zote angetofautisha vipindi, kwa kuwa hana haja ya kujiibia watazamaji. Wapo wanaoisikia na kutamani enzi ya Sauti ya Kenya, yenye vipindi vya wakulima na masomo ya shuleni. Lakini enzi hiyo taarifa ya habari ilianza na shughuli za Rais, hata kama mto umehamisha tarafa nzima. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kiliandikwa na watu waliokumbuka hivyo, na ndiyo sababu kinavitaka vyombo vya habari vya serikali vijiamulie maudhui na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Kumkimbia mdhamini kwa kumrudia waziri si kutatua tatizo.

*Kipimo kilihesabu macho, hakikuhesabu midomo.* Utafiti wa watazamaji humuuliza mtu ulitazama nini jana. Hauulizi ulimwambia nani. Tamthilia humfaa anayeitazama, basi. Habari ya mto inayotazamwa na mzee mmoja wa kijiji inawafikia watu ambao hawana runinga kabisa, na hakuna jedwali la mauzo litakaloonyesha hivyo. Mhariri mkuu alilihisi jambo hili lakini alilitetea kwa lugha ya wema, mbele ya watu waliokuwa wakizungumza lugha ya ada. Angeweza kuleta ushahidi: rekodi za simu zilizoingia, mwenye duka la pembejeo, machifu. Hakuleta, na barua yake ikaishia kwenye faili.

*Kosa kubwa halikuwa tamthilia.* Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi niliozungumza nao. Wafanyakazi wa chumba cha habari husimulia kisa hiki kama hadithi ya pesa kushinda utumishi. Mimi nikiusoma mkataba, naona kituo kilichouza kitu ambacho hakuna aliyekuja kukinunua. Alichokuja kununua mdhamini ni macho ya watazamaji wa saa ile. Alichopewa juu yake ni mamlaka ya kuamua kama mhariri anaweza kusema na watu wa Kano wakati mto unapanda. Kituo kinaweza kuonyesha tamthilia mchana kutwa na bado kikawa na thamani kwa umma, ilimradi mlango wa kukatiza uko mikononi mwa mhariri. Kikiwa na kipindi kizuri chenye urefu wa saa mbili lakini mlango huo umefungwa, thamani yake inaishia pale ratiba inapoishia, na mafuriko hayafuati ratiba.

Linalotia uchungu ni jinsi kifungu kile kilivyoondoka kirahisi. Wakati wa kufanya upya mkataba, mhariri mkuu aliketi mezani kwa mara ya kwanza na kuomba ruhusa ya kukatiza kwa dharura, dakika za mdhamini zikifidiwa kwa dakika nyingine siku inayofuata. Msambazaji alikubali pale pale, maana alikuwa na masharti ya namna hiyo katika mikataba yake mingine. Mwanzoni hakuombwa, kwa kuwa aliyejua umuhimu wake hakuitwa mezani.

*Je, ilikuwa kazi ya Kituo?* Hoja ya meneja wa mauzo kwamba utumishi wa umma ni kazi ya KBC isidharauliwe. Ilipata nguvu zaidi Machi 2024, serikali ilipoagiza wizara na mashirika yake kupeleka matangazo kwa KBC: kama mmoja anapewa kodi na matangazo pia, kwa nini mwingine abebe mzigo bure? Lakini stesheni ya taifa, hata iwe hodari vipi, haiwezi kujua mlinzi wa daraja fulani Nandi anasema nini saa kumi na moja jioni. Habari ya aina hii ama itolewe na chombo kilicho karibu au isitolewe. Wala si jambo geni kituo cha biashara kubeba wajibu wa umma. Uingereza ilipoanzisha ITV mwaka wa 1955, leseni ziligawanywa kwa maeneo na zilikuja na masharti, na hadi leo leseni hizo zinadai habari za eneo. Tofauti ni kwamba kule wajibu ulibadilishwa na kitu: masafa adimu, yenye faida. Kwetu, katika soko ambalo nafasi hewani si adimu tena, mdhibiti ana karoti gani ya kumpa mwenye kituo kidogo? Punguzo la ada ya mawimbi kwa dakika za dharura lingekuwa mwanzo. Nimelisikia likizungumzwa mezani, sijaliona likiandikwa.

*Fundi hakuwa na ruhusa.* Sehemu hii hupitwa haraka katika mijadala, na mimi naipa uzito. Jioni ile watu watatu waliulizana ruhusa kwa sababu hakuna aliyejua nani ana mamlaka. Hata mkataba ungekuwa mzuri, fundi aliyewahi kuona mwenzake akikatwa mshahara asingebonyeza kitufe. Sasa katika chumba cha mitambo kuna karatasi yenye saini ya Mzee inayosema mhariri wa zamu akiomba, fundi akatize, maswali baadaye. Imeshatumika, mara moja kwa moto sokoni na mara moja kwa tahadhari ambayo haikutimia. Kwa ile ya pili watazamaji walilalamika. Mzee hakumkata mtu mshahara.

*Daftari.* Mtayarishaji sasa anafanya kazi kwingine na hakurudishwa. Kituo kinajenga orodha mpya ya watu wa juu ya mto, polepole, na safari hii iko kwenye kompyuta ya chumba cha habari. Watu wa orodha ya zamani waliamini mtu, si kampuni, na kadhaa kati yao wanaendelea kumpigia yeye. Mara nyingine yeye huwapigia wenzake wa zamani na kuwapa habari hiyo, ingawa redio yake na Kituo ni washindani.

Meneja wa mauzo alisoma rasimu ya kisa hiki na kuomba maoni yake yaongezwe: kwamba bila tamthilia ile, Kituo kingefungwa kabla ya masika ya 2024, na jioni ya mafuriko kusingekuwa na skrini ya kupitishia hata yale maandishi madogo. Nimeziangalia hesabu za mwaka ule. Kuhusu kufungwa, huenda ana haki. Kuhusu kifungu, hesabu hazisemi kitu, kwa kuwa hakikuwahi kupangiwa bei.